Damu unayoiona na damu usiyoiona: aksida ikitokea balabalani, nani aende kwanza, na aende wapi?



Najua kuna watakaocheka: huyu alimaliza lisansi ya agronomia, kazi yake ya mwisho ilikuwa juu ya muhogo, leo anataka kutufundisha udaktari? Hapana. Mimi si munganga na sitajifanya munganga. Lakini tuseme ukweli. Sisi wa agronomia, wa mifugo, wa mazingira, wa maendeleo vijijini, njo sisi tunashinda balabalani. Tunapanda juu ya Fuso pamoja na magunia ya wakulima. Tunabebwa watu watatu juu ya moto moja. Siku aksida inatokea, munganga hayuko pale. Ni sisi tuko pale, na watu wakisikia "injenya" wanatugeukia wakitungojea tuseme kitu.

Mimi waliniangalia hivyo siku moja, na nilisema kitu kibaya.

Ilikuwa mwezi wa tatu 2022, siku ya soko, kwenye balabala ya taifa namba 5 inayopita bonde la Ruzizi. Tulikuwa tunatoka kupima magunia ya muhogo ya koperative. Fuso ilikuwa imejaa mpaka juu, na juu ya magunia kulikuwa watu kama 20. Shofere alitaka kukwepa moto, gurudumu la nyuma likashuka kwenye mufereji, kamio ikalala upande. Ilikuwa karibu saa kumi na moja za jioni.

Wengi walitoka na mikwaruzo tu. Wawili njo walikuwa na hali mbaya. Wa kwanza ni mama mmoja muchuuzi. Mkono wake ulivunjika, mfupa ukaonekana, na alikuwa analia mpaka watu wa mashamba ya mbali wakaja. Wa pili ni kijana, konvoyeri wa ile kamio. Alikuwa ameketi ameegemea gurudumu. Hakuwa na damu hata tone moja nguoni. Nilimuuliza: "Petit, uko je?" Akajibu: "Niko muzuri, injenya. Ni kiu tu. Munipe maji." Nikampa chupa yangu, akainywa yote. Mkono wake ulikuwa baridi na umelowa jasho. Nikafikiri ni woga.

Pikapu moja ikapita, iko na nafasi ya watu wawili. Wote tukasema: "Beba mama kwanza, angalia vile analia!" Mama akaenda, na pamoja naye mtu mwenye jeraha la kichwa ambaye alikuwa anatembea vizuri. Kijana akabaki. Nusu saa baadaye akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Tukatafuta moto, tukamuweka katikati ya shofere na mtu wa kumushika. Dakika 20 mbele kulikuwa hospitali ndogo yenye docta anayefanya operesheni. Lakini mwenye kamio alisema kwa simu: "Pale hapana. Mumupeleke mujini, ku hospitali kubwa." Nami nikaunga mkono, juu ya hospitali kubwa tunaiamini zaidi. Moto ikapita mbele ya ile hospitali ndogo bila kusimama. Kijana alikata roho kabla ya kufika mujini. Docta aliyemupima alituambia kwamba tumbo lilijaa damu.

Jina lake ninaliachia familia yake. Tangu ile siku nimefuata mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu, nimeketi mara nyingi na waganga wa sentre ya sante kuuliza maswali, na nimesoma. Haya ninayoandika ni yale ningependa mtu aniambie kabla ya ile jioni.

POLITROMATIZE NI NANI?

Waganga wanaita "politromatize" mtu aliyeumia sehemu mbili au zaidi za mwili kwa mara moja, na angalau jeraha moja linaweza kumuua. Kichwa na paja. Kifua na tumbo. Nyonga na uti wa mgongo. Shida ya mtu huyu ni kwamba jeraha linaloonekana sana mara nyingi silo linaloua. Mfupa uliotoka nje ya ngozi unatisha macho. Wengu uliopasuka ndani hauonekani.

Vifo vya aksida vina saa zake. Kuna wanaokufa palepale au katika dakika za kwanza: mshipa mkubwa umekatika, ubongo umeharibika, koo imezibika. Kuna wanaokufa katika masaa machache: hao wengi wanapoteza damu polepole, au kifua kinakataa kufanya kazi, au damu inagandamiza ubongo. Na kuna wanaokufa baada ya siku au wiki, kwa mikrobi na kwa figo kuchoka. Kundi la katikati njo letu. Pale njo uamuzi wa mtu wa balabalani unahesabika.

Docta mmoja wa Marekani, R Adams Cowley wa Baltimore, ndiye aliyeeneza neno "saa ya dhahabu": mtu aliyeumia vibaya afikishwe kwa anayeweza kumutibu ndani ya saa moja. Tusichukue dakika 60 kama uchawi. Mwenye mshipa wa paja uliokatika hana hata dakika kumi. Mwingine mwenye damu inayotoka polepole ana masaa matatu. Maana ya neno ni kwamba saa inaanza kuhesabu pale kamio inapopinduka, haingoji ufike hospitali.

PIPA LA LIEBIG

Wenzangu wa agronomia, mnakumbuka pipa la Liebig? Mbao za pipa haziko na urefu sawa, na maji yanatokea kwenye ubao ulio mfupi kuliko zote. Ukimwaga mbolea ya azoti kwenye shamba lisilo na maji, unatupa pesa. Lazima kwanza uulize: ni kitu gani kimoja kinachozuia mazao sasa hivi?

Kwa mtu aliyeumia ni vile vile. Swali si "ana majeraha mangapi?" Swali ni "ni lipi litamuua kwanza?" Ukifunga mkono uliovunjika vizuri kabisa wakati koo imezibika, umemwaga azoti kwenye jangwa. Ndiyo maana waganga wana mpangilio, na hawauruki hata kama mgonjwa analia sana juu ya kitu kingine.

Kabla ya yote, usalama wa mahali. Sisi wa bonde la Ruzizi hatuhitaji mfano wa mbali. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, kamio ya mafuta ilipinduka. Watu wakasogea, wengine kuchota, na moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Kwa hiyo: zima motere, hakuna sigara, tuma vijana wawili wasimamishe magari pande zote mbili kwa matawi, na kama unasikia harufu ya mafuta, sogeza watu mbali kwanza. Mtu wa kusaidia akiumia, wagonjwa wameongezeka na wasaidizi wamepungua.

Kiisha unaangalia kwa mpangilio huu:

1. Damu inayotoka kwa nguvu. Kama inaruka au inajaza nguo haraka, bonyeza palepale kwa kitambaa na uzito wa mwili wako wote, dakika kumi bila kufungua kuchungulia. Kama jeraha liko kwenye mkono au mguu na kubonyeza hakutoshi, funga garo: kitambaa chenye upana wa vidole vitatu, kama vidole vinne juu ya kidonda, si juu ya goti wala kiwiko. Ingiza kijiti, zungusha mpaka damu isimame. Itauma sana, na ni lazima iume. Andika saa kwenye ngozi kwa biki. Usiifungue njiani. Kamba nyembamba ya mupira inakata nyama, iache. Kidonda cha kinena au kwapa hakikubali garo: jaza kitambaa ndani kabisa, kiisha bonyeza.

2. Njia ya hewa. Anayelia anapumua: hii ni habari njema juu yake. Anayekoroma bila fahamu, ulimi umerudi nyuma au damu imejaa mdomoni. Toa unachoona, inua taya mbele bila kupindua shingo. Kama hana fahamu lakini anapumua, mulaze kwa upande, watu wakimugeuza pamoja, kichwa na mgongo mstari mmoja. Tunaogopa sana kuvunja shingo, na ni sawa kuogopa. Lakini mtu aliyesongwa na matapishi anakufa mbele ya anayebaki na shingo mbaya.

3. Kifua. Anapumua haraka sana? Upande mmoja haupandi? Kuna tundu linalovuta hewa? Usijaze kitambaa kwa nguvu kwenye tundu la kifua. Kama ana fahamu na anapumua vizuri akiketi, muache aketi. Chuma au kijiti kilichoingia mwilini usikichomoe. Kifunge kisitikisike.

4. Damu iliyofichika. Hapa njo nilianguka mimi, nitarudia chini.

5. Baridi. Utasema Uvira kuna joto. Ndiyo, lakini mtu anayepoteza damu anapoa hata kwenye joto, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Isipoganda inatoka zaidi, ikitoka zaidi anapoa zaidi. Toa nguo zilizolowa mvua, mufunike kwa blanketi, kitenge, hata sheting safi.

DAMU USIYOIONA

Mtu mzima ana kama litre tano za damu. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza karibu litre moja na nusu, na tansiyo yake bado inaonekana nzuri, juu ya mwili wake unafunga mishipa ya ngozi na moyo unaenda mbio ili kulinda ubongo. Ndiyo maana anakujibu "niko muzuri." Hadanganyi. Kiisha nguvu inaisha ghafla, na akianguka hapandi tena kwa urahisi.

Damu hiyo inakwenda wapi? Kuna mahali panne pa kujificha: kifua, tumbo, nyonga, na paja. Paja moja lililovunjika linaweza kumeza litre moja na nusu bila tone moja kutoka nje. Nyonga iliyopasuka inaweza kumeza zaidi.

Alama zake hazihitaji mashine. Mkono baridi na jasho. Mdomo wa ndani na viganja vimepauka. Mapigo ya mshipa kwenye kifundo cha mkono yanakimbia, zaidi ya 120 kwa dakika, au huyasikii tena. Pumzi ya haraka. Bonyeza ukucha, uachie: rangi isiporudi ndani ya sekunde mbili au tatu, kuna shida. Na kiu. Kiu kikali, kutotulia, maneno yanayopotea. Kijana wetu alikuwa navyo vyote. Alinitajia alama kwa mdomo wake, nami nikaijibu kwa chupa ya maji. Maji yale hayakumsaidia kitu, na kama angefika kwenye operesheni, tumbo lililojaa lingemutapisha wakati wa kulazwa usingizi. Mtu aliyeumia vibaya hapewi chakula wala kinywaji. Lowesha midomo tu.

Hapa njo kanuni ninayotaka mubaki nayo, hata mukisahau mengine yote:

Damu unayoiona, izuie pale pale. Damu usiyoiona, huwezi kuizuia balabalani. Dawa yake ni kisu cha docta na damu ya mtu mwingine. Mwenye damu isiyoonekana njo anapanda gari la kwanza.

Kwa nyonga kuna kitu kimoja unaweza kufanya: kitenge. Kikunje kiwe kipana, kipitishe chini ya makalio, kikaze kwenye mifupa ile inayotokeza pembeni ambapo paja linaanza, si kiunoni. Kiisha funga miguu miwili pamoja. Usiitikise nyonga kujaribu kama imevunjika. Paja lililovunjika, lifunge na mguu muzima kwa kuweka nguo katikati. Dakika tatu zinatosha.

KUKAA AU KUBEBA?

Duniani kuna shule mbili. Wafaransa, kwa SAMU yao, wanaleta docta na vyombo mpaka pale aksida ilipotokea, wanamutuliza mgonjwa kiisha wanabeba. Wamarekani wanapenda kubeba haraka na kukimbilia hospitali yenye wapasuaji. Watu wamebishana miaka mingi juu ya hizo njia mbili. Sisi hatuna ya kwanza, juu ya docta haji balabalani. Wala hatuna ya pili, juu ya hospitali haiko dakika kumi. Kwa hiyo lazima tuwe na yetu: zuia, funga, beba. Dakika tano za kuzuia kinachoua sasa, kiisha safari.

Uamuzi wa kwanza ni nani anapanda. Larrey, docta wa jeshi la Napoleon, alitaka waliojeruhiwa watibiwe kufuatana na ukali wa jeraha, si kufuatana na cheo. Kwetu cheo kinaingia kwa njia nyingi: mwenye simu, ndugu ya mwenye gari, anayepiga kelele zaidi. Mfupa wa mama yule ulihitaji hospitali, kweli, lakini angeweza kungoja masaa mawili. Kijana hakuweza. Na jambo gumu kusema: kama moyo wa mtu umesimama kwa sababu ya majeraha, na kuna wengine wazima wanaovuja, gari la pekee ni la wale wanaopumua. Si ukosefu wa huruma.

Uamuzi wa pili ni wapi. Katika Kongo tuna zoni za afya 519. Kwa kanuni kila zoni inapaswa kuwa na hospitali kuu yake, na chini yake sentre za sante. Sentre ya sante ina muganga, serumu na bandeji, lakini haipasui tumbo. Kwa hiyo usiulize "hospitali kubwa iko wapi?" Uliza hivi: "Ni wapi karibu zaidi ambapo usiku huu kuna docta wa kupasua, kuna umeme au gurupe yenye mafuta, na kuna damu?" Ukubwa wa jina hauhesabiki. Hospitali ndogo yenye docta dakika 20 kutoka hapa inashinda hospitali kubwa ya saa moja na nusu, kwa mtu ambaye tumbo lake linajaa. Wataweza kufunga mshipa unaovuja, kiisha wamutume mujini akiwa hai. Lakini kama docta ameenda semina na chumba kimefungwa, kusimama pale ni kupoteza saa. Ndiyo maana simu inapigwa kabla ya gari kuondoka. Simu ya dakika mbili inaweza kuokoa masaa mawili.

Mpaka nao unaingia kwenye hesabu. Kwa wenzetu wa Uvira, wengi wanafikiria Bujumbura mara moja, juu ya kwa ramani ni karibu. Karatasi, kizuizi, saa ya kufunga: vyote viwekwe ndani ya hesabu ya dakika, si kilometa tu.

Na pesa. Tusifiche. Familia nyingi zinachagua hospitali kwa kuangalia pesa ya kuanzia. Mwenye kamio wetu pia, nilikuja kujua baadaye, alikuwa na deni kwenye ile hospitali ndogo, na aliogopa kudaiwa. Mtu alipitishwa mbele ya mlango wa kumuokoa juu ya fakitire.

Je, kusimama kwenye sentre ya sante ya njiani kuna maana? Ndiyo, kama iko njiani na kama unasimama dakika kumi, si masaa mawili. Muganga anaweza kufungua njia ya hewa, kurekebisha garo, kuweka serumu. Ila serumu si damu. Litre tatu za serumu zinachuja damu iliyobaki na kuipoza. Inatosha kiasi cha kurudisha mapigo kwenye kifundo cha mkono. Kwa aliyeumia kichwa, muganga atajihadhari zaidi, juu ya ubongo uliopigwa hauvumilii tansiyo kushuka. Kuna pia dawa ya bei ndogo inayoitwa asidi traneksamiki, inayosaidia damu kuganda. Utafiti wa CRASH-2 uliotangazwa 2010, wenye wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba inapunguza vifo ikitolewa mapema. Baada ya masaa matatu haisaidii tena, inaweza hata kudhuru. Kwa hiyo saa ya aksida iandikwe kwenye karatasi na isafiri na mgonjwa.

KWA NINI NA NANI

Chombo nacho ni uamuzi. Moto inafaa kwa mwenye fahamu aliyeumia mkono au mguu mdogo. Kwa nyonga, mgongo au asiye na fahamu, kumukalisha katikati ya watu wawili ni kumuongezea jeraha. Tafuta gari ambalo anaweza kulala, hata kama ni pikapu yenye magunia chini yake. Mlango, ubao, mukeka mugumu, vyote vinabeba: watu wanne, mmoja ameshika kichwa, na huyo wa kichwa ndiye anahesabu "moja, mbili, tatu." Na kama moto ni kitu cha pekee, damu iko ndani, na docta yuko dakika 20? Mufunge kitenge, umuweke, uende. Uhai mbele ya mfupa. Ni uamuzi mubaya, lakini kungoja gari lisilojulikana ni mubaya zaidi.

Wa milimani mnajua kipoyi kuliko mimi. Msingoje gari lipande mpaka kijijini. Wabebaji waanze kushuka mara moja, watu wanane wakipokezana, na mmoja mwenye mbio atangulie kutafuta gari likutane nao balabalani.

Haraka si mbio. Haraka iko kwenye kuondoka mapema, si kwenye kurusha gari juu ya mashimo. Kuruka-ruka kunafungua damu iliyoanza kuganda, na aksida ya pili haihitajiki. Mtu mmoja anayejua akae na mgonjwa, aangalie pumzi na garo. Nyuma yao, kama gari liko, waje watu wawili au watatu wazima wa kutoa damu, juu ya mara nyingi njo familia inaulizwa.

TUNAWEZA KUFANYA NINI SISI?

Sitaki kumaliza na machozi. Nina mapendekezo matatu kwa chama chetu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza: kila seksheni iwe na karatasi moja. Iandike balabala tunayopita, hospitali zinazopasua, namba ya docta wa zamu ya kila moja, na dakika, si kilometa, kutoka soko kubwa mpaka pale, wakati wa jua na wakati wa mvua. Tulijifunza kuchora ramani za udongo. Hii nayo ni ramani.

La pili: mfuko mdogo kwenye kila gari la kazi na kila moto ya projet: vitambaa safi, kitenge kimoja, kijiti, glavu, blanketi, biki, tochi. Wengi wetu tunatumia zaidi ya hapo kwa mavazi ya kolasyo.

La tatu: mafunzo ya siku mbili, na tuwaalike mashofere wa Fuso, konvoyeri na watu wa moto. Wao njo wanafika wa kwanza.

Mwaka jana nilipita tena pale kamio ililala. Mufereji bado uko vilevile. Nilikuwa na konvoyeri mwingine, kijana wa miaka 19, nikamuuliza kwa kumujaribu: "Watu wawili wameumia. Mmoja analia sana, mwingine amenyamaza anaomba maji. Unabeba nani?" Akasema: "Si yule anayelia, injenya?"

Nikamuambia asimamishe gari kidogo, nikamueleza yote haya. Ilichukua nusu saa. Muhogo ulifika soko ukiwa umechelewa, na hakuna aliyekufa juu ya hilo.